Kuegesha kwa Mkono

Bombambili, Songea
4 Februari 1995

Kwa dada yangu Chiku,

Assalaam aleikum. Shikamoo dada, na shikamoo yangu imfikie mama. Natumaini mfungo unakwenda salama huko Nakapanya, na goti la mama limetulia kidogo pamoja na mvua hizi. Mimi ni mzima na ninafunga, ila usingizi umenipungua, na ndiyo sababu ya kuandika.

Shirika letu linapunguza watu. Tangu wafanyabiashara binafsi waruhusiwe kuuza mbolea, ghala letu limebaki na popo na magunia matupu. Barua imetoka makao makuu Dar es Salaam kwamba tawi la Songea libaki na karani mmoja. Tuko wawili, mimi na mama Lukresia, yule Mmatengo wa Mbinga aliyenifundisha kazi. Atakayechagua ni meneja wetu, Bwana Crispin.

Sasa dada usicheke. Yule mtaalamu wa Kiholanzi alipoondoka alituachia kompyuta, na ndani ya kompyuta aliacha mchezo. Ukiuwasha unajiona umeketi ndani ya chombo cha angani, mbele yako giza na nyota. Unanunua bidhaa kwenye kituo kimoja, unasafiri, unaziuza kwenye kingine. Bwana Crispin, ambaye hapa hauzi hata mfuko mmoja, humo ndani ni tajiri. Chombo chake amekiita Kagera, kwa kuwa ni mtu wa Bukoba.

Taabu yake ni kuegesha. Kituo kinaelea angani huku kikijizungusha kama pipa linaloviringishwa. Mlango wake ni ufa mwembamba. Inabidi na wewe ukizungushe chombo kwa kasi ileile mpaka ufa ulale sawa na mabawa yako, ndipo uingie. Ukikosea kidogo unajibamiza ukutani na shehena yote inapotea. Bwana Crispin alikuwa anajibamiza karibu kila safari. Siku moja nilimpelekea karatasi za kutia saini, nikamkuta anahangaika, nikajikuta nasema, "Mzee, punguza mwendo kwanza." Akainuka, akaniachia kiti. Nikaingiza chombo bila kugusa ukingo. Sijui mikono ilipata wapi ujasiri.

Tangu siku hiyo huniita kutoka mezani kwangu. "Bakili, njoo uniegeshee." Akija mgeni kutoka mkoani anamwambia, "Huyu kijana ndiye rubani wangu." Mama Lukresia huinua macho, kisha anaendelea na kadi zake za ghala.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Kwenye duka la kituo, ukurasa wa pili, nimeona kifaa kinachoegesha chombo chenyewe. Ukikinunua unabonyeza kitufe kimoja na kukunja mikono, chombo kinaingia kama maji. Bei yake kwa utajiri wa Bwana Crispin ni kitu kidogo. Nadhani yeye huishia ukurasa wa kwanza. Jana akaniuliza, "Hivi hakuna namna chombo kikajiegesha chenyewe?"

Nikasema, "Sijaona, mzee."

Nilikuwa nimefunga, dada, na nikasema hivyo. Akijua kipo, mimi nabaki na nini? Nishauri.

Mdogo wako,
Bakili


Nakapanya, Tunduru
21 Februari 1995

Kwa mdogo wangu Bakili,

Waaleikum salaam na marahaba. Sisi wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, likipata jua linamwachia. Barua yako imechelewa kwa sababu gari lilikwama njiani na dereva alilala nayo porini, ndiyo maana ina harufu ya dagaa.

Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, unisamehe. Nilimwambia Zena jirani kwamba mdogo wangu ni rubani, akaniuliza ndege inatua saa ngapi, ana mzigo wa korosho. Mara ya pili sikucheka.

Nina maswali. Hicho chombo kikijibamiza, nani anaumia? Kama hakuna, mbona mtu mzima mwenye ofisi anakitafutia dereva? Na huyo mama Lukresia, wakati wewe unaegesha, kazi za mezani kwako anazifanya nani? Umeniandikia karatasi mbili nzima, yeye umempa mistari miwili.

Sikwambii ukimbilie kwa meneja kujisema. Lakini akikuuliza tena, usiseme hujaona kitu ambacho umekiona. Wewe tangu mdogo ukidanganya hulali, na usipolala unaugua, na ukiugua anayepanda gari kuja Songea ni mimi.

Mama anakuombea. Kula daku vizuri.

Dada yako,
Chiku


Bombambili, Songea
9 Aprili 1995

Kwa dada yangu Chiku,

Assalaam aleikum. Shikamoo. Nashukuru kwa salamu za Idi na kwa zile korosho, zilifika zote isipokuwa alizokula dereva. Mama hajambo? Mimi kwa mwili ni mzima.

Sikuandika kwa muda mrefu kwa kuwa kila nilipoanza niliona aibu. Bwana Crispin amechagua. Nimebaki mimi. Mama Lukresia amepewa notisi, mwisho wake ni mwezi wa sita.

Siku ile alitoka ofisini kwa meneja akapita mbele ya meza yangu, akasimama, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, rubani."

Mtu aliye sawa na shangazi zetu, dada, ananiamkia mimi. Nikasema, "Mama, tafadhali."

"Marahaba huitikii? Au huko juu hamsalimiani?" Kisha akakaa, akavuta kadi zake, akaendelea kuandika kama kawaida. Tarishi alikuwa anacheka mlangoni. Mimi nilitaka sakafu inimeze.

Tangu hapo mikono yangu imeharibika. Nikikaa mbele ya kompyuta, nikiona ule mlango unazunguka, namsikia mama Lukresia nyuma yangu akigonga mhuri, na vidole vinakosea vitufe. Niliibamiza Kagera ukutani na shehena yake. Bwana Crispin alitazama kioo, akanitazama mimi, akasema tuanze upya. Nikaibamiza tena. Nikarudi Bombambili kwa miguu nikifikiri, kama kinachoniweka hapa ni mikono, na mikono imekataa, basi.

Kwa hiyo nimefanya jambo jingine. Bwana Crispin alipotoka kupokea simu, nilifungua ukurasa wa pili nikakinunua kile kifaa kwa fedha zake za mchezoni. Siku hizi akiniita naweka mikono juu ya vitufe, nabonyeza kile kimoja, halafu nahamisha vidole huku na huku kama mtu anayeendesha. Chombo kinaingia chenyewe. Yeye anasema, "Naona umepona." Mimi naitikia, "Ndiyo, mzee."

Nilikificha kifaa ili nionekane nina kazi. Sasa kifaa ndicho kinachofanya kazi, na ninachokificha ni mimi mwenyewe. Sijui naandika nini. Usimsomee mama hii.

Mdogo wako,
Bakili


Nakapanya, Tunduru
27 Aprili 1995

Bakili,

Waaleikum salaam. Marahaba. Mama mzima.

Sina maneno mengi, nimetoka shambani na mkono umechoka. Umeniuliza mara ya kwanza, nikakushauri. Hukunisikia. Sasa huniulizi tena, unanieleza tu, kama mtu anayetua mzigo mlangoni kwa mwenzake na kuondoka.

Unaogopa nini hasa? Kukosa kazi? Watu wamekosa kazi. Muhsini, mume wa Zena, alikosa kazi mwaka juzi chama cha msingi kilipofungwa, leo ananunua korosho na kumsumbua kila mtu kwa hadithi zake. Unaogopa mama atasema nini? Au unaogopa kwamba mama Lukresia anastahili kile kiti na wewe unajua?

Mimi nadhani ni hilo la mwisho. Nikikosea niambie.

Dada yako,
Chiku


Bombambili, Songea
4 Juni 1995

Kwa dada yangu Chiku,

Assalaam aleikum. Shikamoo, na shikamoo kwa mama. Hapa baridi ya Songea imeanza, asubuhi ukungu hauondoki mpaka watu wameshafika kazini. Natumaini nyinyi huko chini mna joto.

Hukukosea.

Nakueleza yaliyotokea kwa utaratibu. Wiki mbili zilizopita Bwana Crispin aliniita kama kawaida. Nikakaa, nikabonyeza, nikachezesha vidole. Kagera ikaingia. Akasema, "Bwana mdogo, nani ameegesha?"

"Mimi, mzee."

"Wewe huingia kwa ubavu, unasahihisha mwishoni kabisa, na unauma mdomo. Siku hizi huumi mdomo."

Akavuta kiti karibu. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. Akaniambia kile kifaa alikiona kabla mimi sijaanza kuingia mle ofisini. Alikinunua, akakitumia, akakiuza. "Ukiwa nacho unabaki kutazama tu. Kutazama nimetazama vya kutosha katika shirika hili. Nikaona heri nijibamize."

Nikamuuliza, kwa nini basi aliniuliza mimi kama kipo.

"Nilitaka kusikia utasema nini. Ukasema hujaona. Nikajua huyu anaitaka kazi, na anaogopa. Karani anayeogopa hanisumbui. Lukresia ana mdomo, kila gunia lililotoka atataka kujua limekwenda wapi."

Dada, miezi yote hii nilidhani nimebakizwa kwa ajili ya mikono. Nimebakizwa kwa ajili ya woga.

Siku ile nilirudi nyumbani na kukaa. Kesho yake nikagonga mlango wake kabla hajawasha mashine. Nilisema mama Lukresia ndiye anayelijua ghala, na mimi kila ninachokijua nimekipata kwake. Nikasema jina lake ndilo liende Dar es Salaam.

"Unajua unachokisema?"

"Najua, mzee."

"Kiti hiki ukishakiacha hurudi."

"Najua."

"Na kama sitaki?"

Nikamwambia mkaguzi wa kanda atakapokuja tarehe kumi na tano ataniuliza kazi zangu, na mimi nitamjibu kweli, pamoja na za kompyuta. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Akaniambia nitoke.

Jina limebadilishwa. Mwisho wangu ni tarehe thelathini.

Mama Lukresia hakunishukuru. Aliposikia alikuja mezani kwangu akasema, "Mimi sikukutuma." Nikasema ni kweli. Akasimama pale akipanga kadi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Kisha akasema, "Na mafaili ya rafu ya juu nani atanishushia? Urefu wenyewe ndio huu." Mchana alinisogezea nusu ya ugali wake. Asubuhi ile nilipomwamkia alikuwa ameitika, mara ya kwanza tangu apewe notisi.

Sitajidai shujaa. Sina mahali pa kwenda isipokuwa nyumbani, na jambo moja linanishinda kabisa. Mama amewaambia watu wote kwamba mwanawe ana kazi ya serikali. Siwezi kumtazama nikamweleza. Wewe unajua kumpitia, unajua saa ambayo goti halimuumi. Nakuomba sana dada, nisemee kwake kabla sijafika, nikute limeshapita.

Mdogo wako,
Bakili


Nakapanya, Tunduru
17 Juni 1995

Kwa mdogo wangu Bakili,

Waaleikum salaam warahmatullahi. Marahaba, marahaba tena.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya mfuko wa salfa, maana tumeanza kupuliza mikorosho na hapa kila mtu ni wa njano mpaka kope. Nililia kidogo, Zena akadhani ni dawa imeniingia machoni, nikamwacha adhani hivyo.

Chumba chako kipo. Nimetoa mahindi, nimebakiza kuku mmoja anayetaga, huyo mtaelewana. Kazi ipo ya kukutosha, pampu ya kupulizia ni nzito na mabega yangu si ya zamani. Nakwambia mapema usije ukadhani unakuja kupumzika.

Hilo ulilonituma kwa mama nimelifikiria siku tatu. Asubuhi ya leo alikuwa na nafuu, amekaa juani anachagua maharage, akaniuliza, "Bakili anasemaje?" Ilikuwa saa nzuri kabisa. Ningeweza kulisema likaisha, na wewe ungefika ukakuta kila kitu kimetulia.

Nikamwambia, "Anakuja mwisho wa mwezi. Ana maneno yake, atakwambia mwenyewe."

Akaacha maharage. Akauliza kama ni mabaya. Nikasema sijui, mama, msubiri. Tangu hapo ananitazama sana, lakini sijasema, na sitasema.

Gari likikushusha usipitie kwangu shambani. Nenda moja kwa moja uani, atakuwa pale. Kaa chini kwanza, ndipo uanze.

Dada yako,
Chiku