Nywele Zangu, Malimi

Magomeni, Kilosa

Mume wangu Malimi,

Pole na kazi ya ulinzi huko Mikumi. Huku mvua zimeanza, mahindi yameota vizuri, na mama yako amepona kikohozi.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nashindwa. Nywele zangu zimekwisha. Zilianza kunyonyoka mabaka mabaka baada ya Krismasi, ndiyo maana ukinipigia kwa video nasingizia mtandao. Sasa hata nyusi sina. Daktari amesema kinga ya mwili wangu mwenyewe ndiyo inayoshambulia nywele. Ugonjwa hauambukizi, wala sikurogwa. Zinaweza kurudi, au zisirudi.

Mama yako alinipeleka kwa waganga wawili, na dawa zao zikaniunguza kichwa. Aliponitajia wa tatu nikamwambia, "Mama, nimechoka."

Akachukua mafuta ya nazi, akanipaka kichwa kizima taratibu, kama anavyompaka mjukuu wake. Nililia sana siku ile.

Ukipata ruhusa ya Pasaka nitakuja kukupokea stendi, kichwa wazi. Tafadhali, usinipite.

Mkeo,
Scolastica