Nani Atampeleka Mama Istanbul

Istanbul, 3 Mei 2025

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Natumai u mzima, na yale magoti yamekuachilia kidogo. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Kazi ya tafsiri inaendelea na baridi imetuaga.

Mama, mwaka huu sitaki udhuru. Agosti nina likizo na nimeshakupangia kila kitu. Tutaanza na Msikiti wa Sultan Ahmed, ule wa minara sita ulio kwenye kalenda ya mjomba Jeilani. Kisha Aya Sofya, halafu Kasri la Topkapi lilimohifadhiwa joho la Mtume. Ukichoka tutapanda feri tunywe chai. Kuna kundi la akina mama wa Mombasa wanakuja wakati huo huo, utasafiri nao. Wewe na marehemu baba mlijinyima nisome mpaka nikafika huku. Niache basi nikutembeze.

Mwanao,
Fahima

Mkomani, Lamu, 11 Mei 2025

Mwanangu Fahima,

Waalaykumu ssalam warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku wazima, magoti ni yale yale. Nadra, binti wa jirani, amenisomea barua yako mara mbili, ya pili kwa ajili ya hayo majina. Mimi naandika kwa mkono, yeye atapiga picha akutumie kwa simu.

Mungu akuweke, mwanangu. Furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Mtaa mzima umeshajua. Ila Abu Ayyub al-Ansari umemsahau vipi? Mtume alishukia nyumbani kwake Madina, naye kazikwa mji huo huo unaokaa, wewe wanipeleka kwenye feri! Kwanza tukamzuru yeye, chai baadaye.

Lakini sina maharimu wa kunisindikiza. Babako Mungu amemchukua, Jeilani kisukari kimemshika miguu, nami sikuzaa mwana wa kiume. Hao akina mama ni watu wema, lakini safari kama hiyo bila ya mwanamume wa kwangu siiwezi. Usinikasirikie.

Mamako,
Hindu

Istanbul, 14 Mei 2025

Mama,

Assalamu alaykum. Mimi mzima.

Nimekasirika, siwezi kukuficha. Wanawake wangapi wa Lamu wamesafiri kwa makundi? Ila wewe lazima uwe mkali kuliko wote. Ukali huo ndio ulionitoa nyumbani. Mselem alipokuja kutoka Faza kuniposa, uliniambia haiwezekani, ulimnyonyesha alipokuwa mchanga, kwa hiyo ni ndugu yangu. Mamake alikwishakufa, bibi yake pia. Nani angeshuhudia? Nilinyamaza kwa adabu, mama, lakini sikukuamini. Miaka tisa nimekaa nikidhani hukumtaka kwa sababu si mtu wa Mkomani.

Sasa nimesema. Nisamehe kama nimekuumiza.

Fahima

Mkomani, 2 Julai 2025

Mwanangu Fahima,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta katika afya njema. Nimechelewa kujibu kwa sababu niliumia, na mtu aliyeumia asishike kalamu.

Mamake Mselem aliletwa Lamu kujifungua, homa ikamzidi. Kitanda chake hospitalini kilikuwa karibu na changu, nawe ulikuwa na siku mbili tu duniani. Yule mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Nikampakata. Nilimnyonyesha mpaka bibi yake alipokuja kumchukua, wakati huo mamake ameshazikwa. Nilipotoka hospitali nilikuwa na wewe wa kukulea, na Faza ni mbali. Jina lake sikulisikia tena mpaka wazee walipokaa sebuleni kwetu kwa posa, wakamtaja mamake. Hilo ndilo nililolijua, sikuongeza.

Mwezi uliopita Mselem alikuja kunitazama, pamoja na mkewe. Amefungua duka la nguo za Kituruki, kila mwaka huja huko kwenu kununua mzigo, na hajawahi kukutafuta. Nilimweleza kuhusu safari kama mtu anavyozungumza tu, wala jina lake nisingelitaja kwako kama si alivyonijibu. Akaniambia, "Mama, mimi si mwanao? Ndia ya huko naiyua, nitakupeka." Kusikia atanipeleka yeye, nililia mbele yake, na mkewe Fairuz akalia.

Pasi imetoka, na viza pia. Tunafika tarehe tisa Agosti. Kama kumwona kutakuwa uzito kwako, niambie, nitabaki na sitanung'unika.

Mamako,
Hindu

Istanbul, 3 Julai 2025

Mama yangu,

Assalamu alaykum. Njoo. Njooni wote wawili.

Nimeisoma barua yako nikiwa kazini, na tangu hapo sikufanya kazi. Wewe umekataa kupanda ndege na kundi zima la wanawake wacha Mungu. Leo wataka kuvuka nchi na bahari ukiwa na mwanamume mmoja. Mama yangu mimi namjua. Kama yule si mwanao, usingekubali akuvushe kwa mashua hata hapo ng'ambo Mokowe. Kwa hiyo ulisema kweli, na mimi miaka yote hii nimekudhulumu moyoni.

Nakushukuru kwa kumwokoa. Kwake sijui kama nitaweza maneno mengi. Abu Ayyub nimemweka siku ya kwanza.

Binti yako,
Fahima

Mkomani, 27 Agosti 2025

Mwanangu kipenzi,

Assalamu alaykum. Tumefika salama, alhamdulillahi. Magoti yamevimba kwa ngazi zenu, lakini ni uvimbe wa raha. Sultan Ahmed nimeuona, Aya Sofya nimeiona, na kwa Abu Ayyub nimekuombea mpaka ukanivuta mkono twende tukale. Mungu akulipe kwa kila hatua uliyonishika.

Siku za mwanzo mlinitia hofu, mimi katikati, yeye kule, wewe huku, kila mmoja akizungumza na mimi tu. Nilikuwa naitazama minara na moyo uko kwenu. Kisha pale Topkapi mlinzi akakuuliza jambo huku akimwangalia Mselem, ukamjibu kwa Kituruki, tukapita. Mimi sikuelewa. Lakini Mselem Kituruki cha sokoni anacho. Tulipokuwa ndani ya ndege aliniambia mlinzi aliuliza huyu ni nani, na wewe ulijibu, "Kaka yangu."

Aliniambia hivyo akageukia dirishani.

Ahsante, mwanangu. Ahsante sana.

Mama yenu,
Hindu