Salama, Ila Koo Linauma Kidogo

Jumatano, katikati ya Juni. Mbulu.

Ukungu haujanyanyuka tangu asubuhi na sasa inakaribia saa sita. Nimekaa kwenye benchi nje ya wodi, sweta mbili na kitenge cha Mama juu yake, na nimekasirika. Nimemkasirikia Mama, nimewakasirikia wageni wake, lakini zaidi nimeikasirikia salamu yetu.

Mliolelewa huku mnaijua. Ukimpigia mtu simu, kwanza mnaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, za baridi. Kila jibu ni salama. Habari yenyewe inakuja mwishoni, dakika ya kumi huko, ikitanguliwa na "ila". Tuko salama kabisa, ila nyumba imeungua. Nimekulia humo na sikuwahi kuona ubaya wake mpaka wiki hii.

Mama anaishi Maretadu na ng'ombe wake watatu. Mimi nafundisha shule ya msingi Bashay. Tangu Machi amekuwa akimeza dawa ya tezi ya shingoni, maana tezi yake ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, anakula vizuri na bado anakonda. Dawa ilimfaa sana. Alinenepa, akarudi shambani. Lakini siku anaandikiwa, daktari alituambia jambo moja mara tatu. Kwa watu wachache, dawa hii huangusha chembe nyeupe za damu, zile zinazotukinga na magonjwa. Dalili ya kwanza ni koo kuuma au homa. Ikitokea, acha dawa, uje upimwe damu siku hiyo hiyo.

Niliyaandika maneno hayo kwa kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia, nikayabandika kwenye kabati la vyombo, usawa wa macho yake.

Koo lilianza kumuuma Jumatatu ya wiki iliyopita. Akasukutua maji ya chumvi. Akameza panado, homa ikashuka, akaenda kupiga maharage. Na ile dawa ya tezi akaendelea nayo asubuhi na jioni, hakuruka hata kidonge kimoja.

Hata kimoja!

Msidhani hajui kusoma. Mama alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji kwa miaka mingi. Ndiye aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwasimamia wagonjwa wa kifua kikuu wameze dawa mbele yake. Maisha yake yote amefundisha kitu kimoja, kwamba dozi haikatishwi. Nilipomuuliza kuhusu karatasi ya kabatini, aliniangalia kama mwanafunzi aliyechelewa darasani.

"Nimegombana na watu kwenye nyumba zao kwa kukatisha dozi," alisema, sauti inakwaruza. "Leo mimi ndiyo nikatishe? Kwa koo tu?"

Nilitoka nje nikalia kidogo, nikarudi.

Daktari wetu ni kijana aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, na baridi inamtesa kuliko wagonjwa. Ana subira sana. Alinichorea nyuma ya fomu. Chembe nyeupe si za aina moja, alisema. Zipo za kushughulika na virusi, zipo zinazoongezeka ukiwa na minyoo au mzio, na zipo zinazoitwa neutrofili, ambazo hukimbilia kwanza pale bakteria wanapoingia. Kwa hiyo usiridhike na jumla, angalia ni aina gani imepungua. Watu wengi wa kwetu wana jumla iliyo chini kidogo tangu kuzaliwa na hawaumwi chochote. Kwa Mama, neutrofili karibu hazipo.

Aliuliza pia mambo mengine, maana hata taifodi, virusi, upungufu wa vitamini au ugonjwa wa kwenye uboho, ule ute wa ndani ya mifupa zinamotengenezwa, unaweza kuzishusha. Akauliza kama Mama hunywa maziwa mabichi, kwa sababu ya ile homa inayotoka kwa ng'ombe wanaotupa mimba. Vipimo vilivyorudi havijaonyesha kitu. Yeye anaona ni dawa, na dawa imesimamishwa tangu Jumamosi. Sasa Mama yuko chumba cha peke yake, anapigwa antibiotiki kwa dripu, na kuna sindano ya kuuchochea uboho imeagizwa. Kwa kawaida chembe hurudi zenyewe wiki moja au mbili baada ya kuacha dawa. Kazi yetu ni kuhakikisha hakuna kinachomwahi kabla hazijarudi.

Jana wakaja wanakwaya kumi na mmoja kutoka Maretadu.

Kumi na mmoja, na karibu wote wana mafua. Nilisimama mlangoni na barakoa yangu nikawaeleza kwamba hakuna kuingia na hakuna kushikana mikono. Mimi, mtoto wa juzi, nawakatalia watu wazima kumpa mkono mgonjwa. Mama Bura, jirani yetu na rafiki wa Mama tangu usichana, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanikabidhi kibuyu cha maziwa ya mgando na chupa ya rozela ya kuongeza damu. Nikamwambia damu nyekundu anayo ya kutosha, zilizopungua ni chembe nyeupe. "Basi ndiyo maana nimeleta na maziwa," akasema. Nyuma yangu Mama alikuwa ameshaunyoosha mkono kutoka kitandani, anawaita wapite.

Kibuyu kipo hapa chini ya benchi. Mama hawezi kupewa maziwa yasiyochemshwa, na sijui nikifanyeje.

Kila asubuhi daktari anaingia, anasema shikamoo mama, anaitikiwa marahaba, anauliza anaendeleaje. "Salama tu, mwanangu." Homa inamchoma, midomo ina vidonda, mate hayamezeki. Salama. Siku ya pili nilimfuata daktari koridoni nikamwambia, tafadhali, Mama usimuulize hali. Muulize "ila nini?" Alicheka, lakini tangu siku hiyo anauliza hivyo.

Sasa niseme lile ambalo nimelizunguka tangu nianze kuandika.

Jumanne ya wiki iliyopita nilimpigia. Koo lilikuwa siku ya pili. Nilikuwa na rundo la mitihani ya darasa la saba mezani. Tukasalimiana, akasema salama, ng'ombe salama, maharage yamekauka vizuri. Nikasema haya Mama, tutaongea, nikakata. Dakika nne hazikufika. Nilijua kabisa kwamba "ila" huwa inakuja baadaye, na sikuisubiri. Jumamosi nilipopiga tena nilikuwa na nafasi, tukazungumza mpaka ikafika. Salama, ila koo linauma kidogo. Kati ya simu hizo mbili zimepita siku nne za vidonge, asubuhi na jioni.

Kwa hiyo hasira hii yote ninayoimwaga hapa, nyingine ni yangu mwenyewe.

Asubuhi ya leo majibu ya damu ya jana yalikuwa bado chini, hayajasogea. Daktari alipotoka, Mama aliniita kwa mkono. Nikanawa mpaka kwenye viwiko, nikavaa barakoa mpya, nikakaa karibu naye. Nikamuuliza ameamkaje.

Hakusema salama. Alisema anaogopa. Alisema kwa Kiiraqw, taratibu, akiangalia ukuta.

Siku tano nimepigania kusikia ukweli kwenye kinywa cha mama yangu, na nilipoupata nilitamani aurudishe. Mwanamke huyu alimzika baba yangu akiwajibu watu salama. Nikamwambia hata mimi naogopa. Akatikisa kichwa, kisha akauliza kama maharage kule uani yamefunikwa turubai, maana ukungu huu utayaharibu. Nikamwambia Mama Bura ameyafunika.

"Haya," akasema, akafumba macho.

Kesho alfajiri watamtoa damu tena. Nitanawa, nitaingia, nitamuuliza ameamkaje. Sijui hata mimi ni jibu gani naomba nilisikie.