Niliwaambia Udhaifu Wangu ni Kucheka

Mama Ihirwe mpendwa, msaada ninaouomba kwenye safu yako ya ushauri ni wa haraka kwa sababu Jumatatu ijayo natakiwa kuripoti kazini, na kazi yenyewe nimeipata kwa neno moja nililolikosea, na tangu siku hiyo nyumbani kwangu hakuna amani, nakuomba unisome mpaka mwisho hata kama barua imekuwa ndefu maana kwa kawaida mimi si mtu wa maneno.

Jina langu ni Silvère, nina miaka thelathini na tisa, naishi Ndera na mke wangu Mutesi na watoto wetu wawili. Mimi ni mkimya tangu utotoni, na ukimya huo ndio ulionikosesha kazi ya kwanza. Nilikuwa mtunza stoo wa duka la rangi kule Gatsata, siku moja ikaja oda ya kanisa moja la Kagugu, walitaka rangi ya maziwa, nami nikaona kwa macho yangu wapakizi wanapandisha garini madebe ya damu ya mzee, nikasema moyoni karatasi imeandikwa na mwenye duka mwenyewe, mimi ni nani nimsahihishe, nikanyamaza, gari likaondoka, wakapaka kanisa zima ndani na nje na Jumamosi yake palikuwa na harusi. Mwenye duka aliponiuliza kama niliona nikamjibu kwamba niliona. Akaniambia niende nyumbani. Hiyo ni miezi minane iliyopita na tangu hapo tunakula kwa cherehani ya Mutesi.

Basi nikasikia kuna kampuni ya Watanzania inayoleta vigae na matangi ya maji kutoka Dar, wanatafuta mtunza stoo anayejua Kiswahili, na mimi kwenye wasifu wangu nilishaandika kwamba Kiswahili nakijua vizuri sana. Wakaniita kwenye usaili. Kila mtu alinionya kwamba wataniuliza udhaifu wangu ni nini, nikasoma kwenye simu kwamba jibu zuri ni kusema napenda kazi kupita kiasi, lakini huo niliuona uongo na mimi ni mtu wa kanisani, nikaamua nitasema ukweli, kwamba udhaifu wangu ni kunyamaza.

Sasa wewe unajua kwamba kwa Kinyarwanda kunyamaza ni guceceka, na maneno yetu mengi yanafanana na ya Kiswahili, gusoma ni kusoma, gufunga ni kufunga, gukata ni kukata. Neno kunyamaza ninalijua, nalisikia kila siku, ila mbele ya watu wenye kalamu lilinitoroka likabaki guceceka peke yake, na ulimi wangu kwa woga ukaligeuza haraka haraka likatoka kucheka, nami sikushtuka.

“Kaka Silvère, kila mtu ana udhaifu wake,” alisema bosi, anaitwa Mwita, na kando yake alikaa dada wa utumishi anaitwa Veronica. “Wa kwako ni upi?”

“Udhaifu yangu iko moja tu,” nikasema. “Mimi nacheka. Nacheka sana.”

Veronica akainua kichwa. Mwita akaniuliza kama kweli hilo nalo ni tatizo.

“Iko tatizo kubwa, ndiyo ilinifukuzisha kazi. Niliona wanapakia rangi mbaya ya kanisa, mimi nikacheka. Wakapaka kanisa nzima damu ya mzee, nikacheka tu. Bosi akinikaripia, ndiyo nazidi kucheka.”

“Na msibani je?” akauliza Mwita.

“Kwa msiba ndiyo nacheka kabisa. Siku ya kuzika baba mkwe nilicheka toka asubuhi mpaka tunatoka makaburini. Watu wote walinisifu.”

“Mkeo anasemaje?”

“Amezoea. Tukikosana yeye anaongea, mimi nacheka, mpaka anachoka anaenda kulala.”

Veronica alikuwa amejifunika uso kwa karatasi na mabega yanamtikisika, mimi nikadhani ameguswa. Mwita akauliza nimefanya nini kuupunguza udhaifu huo.

“Nilienda kwa pasta aniombee,” nikamwambia. “Tulikaa ofisini saa nzima, yeye anauliza, mimi nacheka. Akaniambia nirudi siku ingine.”

Mwita akalaza kichwa mezani. Alipoinuka alikuwa anafuta macho, akasema, “Hebu cheka kidogo tusikie.” Mama Ihirwe, hapo ndipo nilipoelewa. Neno kunyamaza likanirudia zima zima, nikawa na nafasi kabisa ya kusema samahani nimekosea neno, nikanyamaza. Nilikaa namtazama, nao wakazidi kucheka wakidhani ndivyo ninavyoanza, mwisho nikatoa he, he, mbili tu, nikaruhusiwa kuondoka.

Baada ya siku tatu wakapiga simu. Stoo wamempa mtu mwingine. Mwita anasema mtu kama mimi ni hasara kumfungia ndani na vigae, amenipa mapokezi, kwa sababu wateja wanakuja wamekasirika, vigae vimevunjika njiani, tangi limetoboka, na yeye anataka wakutane kwanza na mtu mwenye moyo mwepesi. Nikasema asante.

Kwa hiyo nimeanza mazoezi ya kucheka. Nafanyia bafuni, na simu naingia nayo kwa sababu nimerekodi vicheko vya watangazaji wa redioni ili nivifuatishe, na juzi Mutesi amenisikia.

“Silvère, uko nacheka na nani humo?” aliniuliza nilipofungua mlango. “Miaka kumi na moja niko na wewe, mimi hujanichekea hivyo hata siku moja. Niambie jina yake tu.”

Sikujibu. Sasa anaamini nina mwanamke, naye alikuwa ameshasimama kanisani akatoa ushuhuda juu ya kazi yangu. Amehamia chumba cha watoto. Jirani naye ananitania kwamba mtu anayecheka peke yake afadhali akae hapa hapa Ndera, hospitali ya wagonjwa wa akili ipo karibu. Mama Ihirwe, niendelee na mazoezi au niwaambie ukweli nikose kazi? Na siku nyingine nikiulizwa udhaifu wangu nijibu nini?

Silvère, Ndera

*

Silvère, kwanza nikuungamie kwamba nimecheka. Nimecheka kwa Kiswahili, tena sana, mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini, nikamsomea pale pa pasta na kazi ya ofisi nzima ikasimama. Nisamehe. Miezi minane bila kazi si mzaha, na kuingia kwenye chumba cha usaili ukijua nyumbani wanakula kwa mikono ya mkeo ni mzigo mzito. Pole sana, nasema kwa moyo. Nimekusahihishia pia r na l zako, uliandika “kurara”, lakini Kigali hii hilo ni letu sote, hata mimi niliyelelewa Karagwe hunitoka nikikasirika. Na yule jirani mwambie kwamba hospitali ile inatibu watu, yeye anawacheka tu.

Pole imeisha. Sasa nakugombeza.

Unafikiri tatizo lako ni neno. Neno lilikupotea kwa dakika kumi, na hilo humpata yeyote. Mwita alipokuambia ucheke ulikuwa umeshaelewa, mdomo unao, neno limerudi, na mbele yako wamekaa watu wawili waliofurahi ambao wangekusamehe pale pale. Ukanyamaza. Wakakupigia simu kukupa kazi ambayo hukuiomba, ukasema asante. Mkeo akasimama mlangoni na swali linalojibika kwa sentensi moja, ukamwacha ajijibu mwenyewe, na amejijibu vibaya. Huo ndio udhaifu wako, Silvère, na unaujua vizuri kuliko mimi.

Tuje kwenye swali la usaili, maana wengi wananiandikia juu yake. Asiwepo wa kusema hana udhaifu, huyo ameshautaja. Na yule wa kupenda kazi kupita kiasi ajue kwamba akina Veronica wamelisikia jibu hilo mara nne kabla ya chai. Wapo pia wanaofunguka hadi kukoroma kwao na ugomvi na mama mkwe, wasailiwe na nani hao? Anayekuuliza anataka kuona kama unajijua. Taja udhaifu mmoja wa kweli unaogusa kazi, mweleze siku moja ulipoleta hasara, kisha sema unachokifanya sasa ili usijirudie. Baada ya hapo funga mdomo, na katika hilo sina wasiwasi na wewe.

Tena nikuambie, jibu lako lilikuwa zuri kuliko mengi niliyowahi kusikia. Lilikuwa la kweli, na mfano wa kanisa ni mfano ambao hakuna msaili atakayeusahau. Ulikosea kitenzi, na ulikosa lile la mwisho, la unachokifanya sasa. Kumwendea pasta ukakaa bubu saa nzima si kujirekebisha. Ungesema hivi: siku hizi nikiona kosa naliandika kwenye karatasi namkabidhi mkubwa kabla gari halijatoka. Uanze kufanya hivyo kweli, usije ukadanganya. Mtu aliyeniandikia kurasa nne hashindwi mistari miwili.

Mazoezi ya bafuni uyaache leo. Mteja mwenye tangi lililotoboka ukimpokea kwa kicheko cha redioni atakutupia tangi lenyewe. Huyo anahitaji mtu wa kumsikiliza mpaka amalize, na kusikiliza unakuweza. Ila akimaliza lazima uinuke uende kwa Mwita useme tangi limetoboka, leo, si wiki ijayo, na kama hilo huliwezi basi mapokezi si mahali pako na ni afadhali ujue sasa.

Kwa hiyo kesho saa tatu asubuhi mpigie Mwita. Mwambie hivi: “Bwana Mwita, siku ya usaili nilitaka kusema nanyamaza, nikasema nacheka. Mimi ni mtu mkimya. Stoo naiweza, mapokezi niko tayari kujifunza. Uamuzi ni wako.” Usiongeze neno. Huenda akacheka mpaka aweke simu chini. Huenda akakasirika kwamba umempotezea muda, na nafasi ikaenda kwa mwingine. Ikienda utaumia, nami nitaumia pamoja nawe, lakini hutakaa pale mapokezi kila asubuhi ukiogopa siku watakapogundua, na kwenye usaili mwingine utakuwa na la kueleza utakapoulizwa umefanya nini kujirekebisha.

Lakini kabla ya Mwita yupo Mutesi, na kwake sikupi hadi kesho. Hebu jisikilize. Mimi hunijui, hujawahi kuniona, na umenimwagia yote. Yeye yuko nyuma ya ukuta anashona nguo za watu ili watoto wale, na hajui hata kwamba kazi aliyoishukuru kanisani ina kasoro. Umeandika kwamba siku ya kumzika baba mkwe watu walikusifu kwa ukimya wako. Baba mkwe wako ni baba yake, Silvère. Siku nzima aliyokuwa anamlilia baba yake hukumwambia neno, na kwenye hesabu yako umeweka sifa za majirani. Mutesi alikusifu? Hukuandika. Mimi nina hakika alikuwa anasubiri umguse bega useme hata pole.

Leo jioni, mkishakula, mwombe asimamishe cherehani. Vile vicheko vya simuni usivifute, mwekee avisikie, aone huyo mwanamke anayekuiba ni mtangazaji wa redio. Kisha mweleze yote, la kucheka, la kunyamaza, la mapokezi, na ile siku ya baba yake. Usitafute maneno mazuri, na Kinyarwanda mnacho, hakuna wa kukupa maksi. Sentensi ya kwanza ikikuchukua nusu saa kutoka, ichukue. Mwanamke huyo amekusubiri miaka kumi na mmoja useme kitu, nusu saa haitamshinda.