Udongo Uliofukizwa Udi

Leeds, Uingereza

Mamangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Nakubusu mkono kwa mbali na kukuuliza hali. Miguu yasemaje, uvimbe umepungua? Dadangu Zuhura, anayekusomea barua hii, aniandikie ukweli, asinifiche kama alivyonificha ile homa yako. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi tu.

Kifurushi kimefika. Mama, nilikuomba udongo wa mchirizi wa jikoni vile ulivyo, kwa kuwa mwalimu wetu wa maabara alimtaka kila mwanafunzi alete udongo wa kwao. Huku twachunguza vijidudu vya udongoni na majini, vidogo hata macho hayavioni. Basi nikafungua mkebe mbele ya darasa zima. Harufu ya udi ikajaa chumbani, na ndani nikakuta maneno yako kwa mkono wa Zuhura: "Udongo nimeuosha, nimeuanika juani na nimeufukiza. Sitaki Wazungu waseme kwetu kwanuka."

Nilipomweleza mwalimu udi ni kitu gani, alicheka, akasema vijidudu vilivyomo humo vyote vimekwisha kufa. Mimi sikucheka. Nilitoka nikaenda chooni nikalia, maana ile harufu ilinipeleka moja kwa moja chumbani kwako Bondeni, asubuhi ya Ijumaa, nguo zetu zikifukizwa.

Lakini havikufa. Nilivitia majini, na baada ya siku chache maji yakaanza kufanya ukungu, ishara ya kwamba vyazaana. Hapo tukaanza kuvijaribu. Tulivipa mafuta ya taa, vikala. Tukavipa, tone moja moja, dawa kali ya kusafishia vyoo, navyo vikaifanya ndiyo futari. Vingine ukivinyima hewa hujipatia pumzi katika chumvichumvi za udongo. Nami sikushangaa sana. Pale mchirizini kwako leo vyamwagiwa maji ya mchele, kesho majivu, kesho kutwa mafuta yaliyokaangiwa samaki. Vikichagua vitakufa njaa.

Mwalimu alifurahi mno. Akaniita akaniambia, "Kaa nasi ufanye shahada ya juu kwa udongo huu. Wewe umekwishazoea. Siku hizi hata chakula hukilalamikii."

Yaliniuma maneno hayo, kwani ndiyo uliyoniuliza wewe katika barua yako: kama nimekuwa mtu wa huku, na kama ukiondoe kitanda changu. Viazi vya kuchemsha nala. Mvuani natembea. Nacheka vichekesho vyao, hata nisivyovielewa.

Wiki hiyo hiyo nilichukua vile vilivyolelewa kwa dawa ya choo, nikavipa sukari kidogo pamoja na dawa yenyewe. Mama, dawa viliiacha. Vilikula sukari mpaka ikaisha, ndipo vikairudia dawa. Nikasimama pale na chupa mkononi, nikajijua. Mimi sijazoea. Nala kilichopo, basi.

Nimemwambia mwalimu hapana. Amekasirika kidogo, lakini udongo nimemwachia. Mtihani ukimalizika napanda meli, inshallah. Kitanda usikiondoe.

Mnisalimie ami dukani kwake Ndia Kuu, mumwambie kofia aliyonipa ingali mpya, naivaa Ijumaa tu. Mnisalimie nyanya, mamako, na aendelee kuniombea dua, nazisikia. Na jirani yetu mshonaji, anayeniuliza kila mara kama nimeoa Mzungu: bado, na sitaoa.

Zuhura, hapa shusha sauti, na ukimaliza kusoma ufunge mdomo, maana nakujua. Sitaki mtaa ujue siku ninayofika. Wakijua, watu watajaa tangu bandarini, kila mmoja atanishika mkono na kunikumbatia, na wewe mama utakuwa nyuma kabisa, jikoni, ukiwapikia. Nimekaa huku siku zote hizi nikitamani kukuona wewe. Siku hiyo usipike kitu. Nikipiga hodi, uje ufungue wewe.

Mwanao,
Swaleh