Nilibonyeza "Anza Mwanzo", Sasa Binti Yangu Anahama

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi habari za kazi. Naomba unisaidie maana mimi nimefika ukutani.

Ni kibarua wa ujenzi, nachanganya zege na kubeba tofali. Shule niliacha mapema, kwa hiyo ukikuta sentensi imeinama inyooshe mwenyewe. Mke wangu alifariki mwaka jana. Sitaki pole, pole nimepewa mpaka nimejua nani anaitoa mdomoni na nani moyoni. Nataka kujua kitu kimoja tu, ile tamthilia ndefu ya vyombo vya angani, mtu mgeni anaanzia wapi. Usicheke kwanza. Nina binti, mtoto pekee, anapiga pasi kwa dobi, na mwisho wa mwezi anahama hapa nyumbani kwa sababu yangu na kwa sababu ya hiyo tamthilia.

Yeye na mama yake walianza kuitazama yeye akiwa bado anabadilisha meno. Haina mwisho hiyo kitu, ina misimu, ina filamu, ina matoleo ya pembeni, watu wanapaa, wanapotea, wanakufa, halafu unaletewa nyingine unaambiwa hii imerudi nyuma miaka mia na wale waliokufa bado hawajazaliwa. Humu ndani mke wangu alikuwa anaitwa Rubani na binti anaitwa Kapteni. Hata mezani. "Rubani, chumvi." "Imepokelewa, Kapteni." Mimi waliniita Abiria, kwa sababu nikirudi kazini nakaa kwenye kochi na chombo hakijaruka nimeshalala. Mke wangu ananifunika shuka, anasema, "Abiria wetu keshafika, sisi twende."

Alipofariki nyumba ikanyamaza. Mshauri, mimi na binti yangu hatujawahi kuwa na maneno yetu wenyewe, yote yalikuwa yanapita kwa mama yake, nikitaka jambo namwambia mama yake, binti naye akitaka viatu anamwambia mama yake mimi nasikia. Sasa tumebaki wawili tunaangaliana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Siku moja nikasema ngoja nijaribu. Alikuwa jikoni. Nikamuuliza, "Kile chombo kikubwa cha duara, ndani yake kuna nini?" Nilikusudia kile cha angani. Akafunua sufuria akasema, "Maharage ya jana." Nikasema sawa. Nikala maharage.

Hapo ndipo nilipoamua niisome hiyo tamthilia kimyakimya, nikishaijua siku moja niseme neno la maana ashtuke. Nikaulizia watu.

Dereva wa lori la mchanga akasema, "Anza msimu wa tatu, huko nyuma takataka."

Nikamuuliza, "Msimu gani, wa mvua?" Vibarua wenzangu wakacheka mpaka mmoja akaangusha karai.

Kinyozi akasema nisimsikilize dereva. "Wewe fuata miaka ya hadithi, usifuate miaka ya kutengenezwa. Anza na ile iliyotoka juzi, ndiyo ya zamani kabisa."

"Ya juzi ndiyo ya zamani?"

"Ndiyo, mzee."

"Nyoa tu, ndugu yangu."

Nikamalizia kwa fundi wangu, yeye huwa hana maneno mengi. Akaniuliza, "Nyumba unaanzia wapi?" Nikasema msingi. Akasema, "Umeshajijibu. Lete maji."

Basi nikaanza msingi. Mvua ikinyesha hatumwagi zege, kwa hiyo nikarudi nyumbani, binti yuko kwa dobi, nikawasha televisheni. Ikaleta picha ya hiyo tamthilia, chini ya picha kuna kamstari kekundu kameishia katikati, na maneno, endelea, au anza mwanzo. Nikabonyeza anza mwanzo. Ikanipeleka kwenye ile ya kwanza kabisa, picha zina vumbi, chombo chenyewe unaona kabisa ni bati limepakwa rangi, maandishi ya chini yanakimbia nikiwa bado niko neno la pili. Lakini nilikaa. Wiki hiyo kila mvua ilipokuja nikawa nafurahi, wenzangu wanalalamika siku imekufa mimi nakimbilia nyumbani. Nikaanza hata kuwajua wale watu, kuna mama mmoja fundi wa mitambo anagombana na kila mtu, huyo nikampenda.

Kumbe binti yangu kila Jumapili alikuwa anawasha televisheni, anaangalia ile picha yenye kamstari, halafu anazima. Hatazami. Anaangalia tu. Mimi nilidhani umeme unamsumbua. Jumapili iliyofuata nilikuwa uani nafua, nikasikia, "Baba, nani ameshika televisheni?"

"Mimi."

"Umebonyeza nini?"

"Anza mwanzo. Nilitaka nianze msingi, tuwe tunaongea."

Akakaa chini. Akasema, "Pale ndipo Mama alipoishia. Siku ile ya kwenda hospitali tulikuwa katikati, akaniambia simamisha hapo Kapteni, tutamalizia nikirudi."

Nikamwambia tutafute fundi airudishe. Akasema hata sehemu yenyewe haijui ilikuwa ya ngapi, hakuwa na haja ya kukumbuka, kamstari kalikuwa kanakumbuka. Halafu akasema, "Umemfuta." Alisema taratibu, wala hakulia mbele yangu.

Na mimi mdomo wangu huu nikasema, "Si tamthilia tu hiyo, mwanangu."

Ndiyo ikawa mwisho. Kesho yake akampigia mama yake mkubwa, shemeji yangu, akaomba chumba. Kapewa. Sasa hivi neno analoniambia ni "chakula mezani" na "nimetoka". Nimejaribu kuitafuta ile sehemu mwenyewe, nafungua moja, nasimamisha katikati, naangalia kama picha inafanana, nafungua nyingine, na kila nikibonyeza naona navuruga zaidi, zimekuwa nyingi zenye kamstari na zote ni zangu. Mvua ikinyesha siku hizi nabaki kazini chini ya turubai, sitaki kurudi nyumbani. Nikilala nasikia anapanga nguo kwenye begi, anapanga taratibu nisisikie.

Kwa hiyo niambie. Nianzie wapi ili kabla hajatoka niwe na neno moja la kumwambia. Na kama hakuna pa kuanzia niambie hakuna, nitaelewa, mimi siyo mtoto.

Ni mimi, Abiria.

MSHAURI ANAJIBU

Abiria, marahaba, nimekuzidi, tena kidogo si haba. Pole umeikataa, siitoi. Nimeisoma barua yako nikaifunga, nikaifungua tena, na nitakugombeza sasa hivi ili tumalize.

Kubonyeza kitufe si kosa. Hukujua. Hakuna aliyekwambia, na wewe hukulelewa na vitufe. Kosa lako ni lile neno "tu". Mtoto anakwambia umemfuta mama yake, wewe unamjibu ni tamthilia tu. Kama ni tamthilia tu, mbona na wewe umeacha wenzako wakilalamika mvua ukakimbilia kuitazama? Ulikuwa unamtafuta mkeo humo ndani kama anavyomtafuta yeye. Hilo hukumwambia. Ulimwambia "msingi".

Sasa swali lako, maana uliuliza swali na unastahili jibu. Hapa ofisini tuna mpangaji wa kurasa ambaye ameifuata hiyo tamthilia tangu yuko shuleni. Nilipomuuliza mgeni aanzie wapi alivuta kiti, nikajua nimekwisha. Kwa kifupi anasema hivi: dereva wako ana lake, kinyozi ana lake, na watu wamekosana kwa jambo hilo hilo. Kuanza mwanzo kabisa ndiko kunakochosha wageni wengi wakakimbia. Ushauri wake ni mgeni apewe sehemu moja inayojitosheleza, iliyochaguliwa na mtu anayeipenda, akae naye, asipoelewa aulize, na asiogope kuuliza vya kipumbavu. Huyo mpenzi wa tamthilia anajua ni mlango upi mgeni hatajikwaa.

Abiria, mtu wa kukuchagulia mlango yumo nyumbani mwako, anapanga nguo. Wewe umeuliza dereva wa mchanga, kinyozi, fundi, na sasa mimi. Yeye hujamuuliza. Ulitaka uijue kwanza yote ndipo umkaribie, uingie umeshajenga. Nani alikwambia binti yako anataka baba anayeijua? Rubani alikuwa naye. Hahitaji wa pili. Abiria kazi yake ni kuuliza tunakwenda wapi.

Acha leo hii kutafuta ile sehemu. Usilete fundi, usibonyeze kitu chochote tena. Pale mahali palikuwa pao wawili, na hata ukipapata kwa bahati, atakayekuwa amepapata ni wewe, na yeye atalazimika kukushukuru kwa kitu alichonyang'anywa. Huenda siku moja akapakumbuka mwenyewe. Huenda asipakumbuke kabisa, akaishi hivyo. Siwezi kukudanganya katika hilo, na wewe usimdanganye.

Usimwambie mama yuko moyoni. Ameshaambiwa na kila aliyekuja msibani. Nenda mlangoni kwake mchana, usiingie, sema: "Mwanangu, nilifuta kitu chako na nikasema ni kitu tu. Nimekosa." Ukimaliza hapo funga mdomo. Usiongeze "lakini". Usiongeze "na mimi pia nimefiwa", japo ni kweli. Akinyamaza, mwache anyamaze, wewe rudi zako.

Na usimzuie kuhama. Najua hiyo ndiyo iliyokufanya ushike kalamu, na hapo ndipo nisipoweza kukusaidia. Ameshaomba chumba, kapewa, ataondoka. Nyumba hiyo inambana, kila ukuta una mama yake na katikati umekaa wewe usiyejua kuongea. Ukimlilia abaki atabaki kwa huruma, na mtakula hayo maharage kimya mpaka mzeeke.

Fanya hivi badala yake. Siku ya kuondoka mpe televisheni aende nayo. Atakataa. Usibishane, ibebe. Kazi yako ni kubeba, hii nayo ibebe mpaka kwa shemeji yako, iweke atakapotaka yeye, unganisha nyaya kama unajua, kama hujui mwache aunganishe. Utarudi kwenye nyumba yenye alama ya vumbi ukutani na kochi linalotazama patupu. Itakuuma, tena jioni za mwanzo utajuta kunisikiliza. Vumilia.

Jumapili oga, vaa shati safi, nenda kwa shemeji yako. Piga hodi kama mgeni, maana ndivyo ulivyo. Mwambie binti yako, "Nimekuja kutazama, nichagulie pa kuanzia." Anaweza kukuambia leo sitazami. Mshukuru, kunywa maji, ondoka, na Jumapili ijayo rudi. Anaweza kukuwashia na yeye akatoka nje. Tazama peke yako mpaka mwisho wake, usilale hata kama chombo kimekwama angani saa nzima. Jambo usiloelewa lishike, umuulize akirudi, moja tu, usimjazie maswali kama polisi. Sikuahidi kwamba atakujibu. Binti anaweza kukaa kimya na baba yake muda mrefu sana, nimewaona, wengine wananiandikia wakiwa wameshazeeka.

Kaa kwenye kiti atakachokuonyesha. Asipokuonyesha, simama. Kusimama siku nzima umezoea.