Beba Mswaki

Mwenzangu, uko hapo? Nimekaa sakafuni chumbani kwa mama, nalia kama mtoto.

Si unaijua ile sheria yetu, mimi na wale rafiki zangu Fundi na Mwalimu? Mtu anatuma "Beba mswaki" tu kwenye grupu, saa moja baadaye wote tuko kituo cha mafuta, tunakokwenda tutajua mbele ya safari. Mimi ndiye niliyeianzisha. Mimi!

Leo asubuhi nimepita pale kujaza upepo baiskeli. Naona gari la Fundi. Mwalimu kakaa mbele, na nyuma, kwenye kiti changu cha dirishani, yuko msichana nisiyemjua.

Fundi akasema, "Tulifungua grupu jingine. Hatukutaka kukusumbua, msiba wenyewe bado mbichi."

Mbichi? Miezi mitano! Na yeye mwenyewe alibeba jeneza!

Miaka miwili niliwakatalia, siwezi kumwacha mama peke yake na ugonjwa wake. Na mama alikuwa ananifukuza kabisa, "Hebu nenda na wenzako, utakaa hapo mpaka nife?" Sasa Jumamosi zote ni zangu, na haniiti mtu.

Nikajichekesha pale, nikawaambia safari njema, nikaanza kukokota baiskeli yangu. Ndipo nikamsikia yule msichana akiuliza, "Huyo nani?"

Mwalimu akamjibu, kwa upole kabisa, "Rafiki yetu. Ila yeye huwa hasafiri."

Hasafiri! Mwenzangu, mswaki uko mkobani mwangu tangu wiki ile tuliyomzika mama. Mpya. Hata kwenye paketi sijautoa.